Pesa Zetu Zafuata Upepo, Basi Tupande Kabla ya Kusi

Haya ndio niloyazungumza Ijumaa na wazazi wenzangu hapa Langoni, Lamu, watoto wakijiandaa kufunga shule. Wengi mliniomba niyaandike, na mimi nimeyaandika vile vile nilivyoyasema.

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Mama zangu, shangazi zangu, dada zangu, na nyinyi mabwana mlioketi huko nyuma barazani nawaona pia, sogeeni mskize manake hili si la wanawake peke yao.

Nimeombwa nizungumze kuhusu kubana matumizi nyumbani. Nikafikiri wiki nzima ntasema nini, kwa sababu kila mtu hapa ashabana mpaka hapana pa kubana tena, na kumwambia mama ambaye asubuhi amegawa andazi moja kwa watoto wawili eti apunguze ni kumtonesha kidonda. Kwa hivyo sitaanza na pesa. Ntaanza na upepo.

Sote twajua Lamu pesa huja na kaskazi, ule upepo wa kutoka kaskazini. Disemba mpaka Machi wageni wapo, mashua zatoka, hoteli za kijiji cha Shela zimejaa, mwenye kufua anafua, mwenye kupika anapika, bahari imelala na samaki wanapatikana. Halafu yaja maleleji, kipindi cha upepo kugeuka, mwezi wa 4 mvua inaanza, kusi, ule upepo wa kutoka kusini, likikaza wavuvi wadogo hawatoki, wageni washakwenda kwao, hoteli nyingine zinafunga milango kabisa. Mwezi wa 5 ndio wenye mvua nyingi kuliko miezi yote ya mwaka na ndio mwezi mfuko uko mtupu kuliko yote. Nna miaka 15 tangu niolewe na miaka mingi ilikua hivyo hivyo, ikifika mwezi wa 5 nakopa dukani, deni nalilipa Disemba, Januari nakua sawa, mwezi wa 5 tena nakopa. Na muda wote huo sikuwahi kuunganisha mambo mawili, kwamba ule wakati pesa zinakauka ndio ule ule wakati mbingu zinatupa maji bure.

Kilichonifungua macho ni mwaka 2020, mnaukumbuka. Shule zilifungwa katikati ya mwezi wa 3, tarehe 25 ndege za nje zikasimamishwa na hazikurudi mpaka Agosti mosi. Mume wangu ni nahodha wa mashua ya wageni. Alikuja nyumbani siku ile akaketi pale kwenye kiti akavua kofia, hakusema kitu mpaka magharibi. Watoto wanne ndani, hakuna shule, hakuna madrasa, hakuna mgeni, na kusi lenyewe bado halijaanza.

Mwezi ule wa kwanza nilichukua daftari la mtoto lililobaki kurasa nyeupe nikaandika kila shilingi iliyotoka mkononi mwangu. Sikuandika mchele wala unga wala mafuta, hizo nazijua. Niliandika zile ndogo ndogo ambazo huwa hatuzihesabu. Mboga za majani 50 kwa siku. Watoto wanne, 20 kila mmoja, za barafu, mabuyu, kachiri, hapo ni 80. Bando la simu 20. Jumla 150 kwa siku, kwa siku 30 ni 4,500. Na mume hana kazi! Nililia, wallahi, sio kwa sababu ni nyingi sana, nililia kwa sababu zilikua zinapita kama tui kwenye kifumbu na mimi ndio nimekishika kifumbu.

Sasa najua mtaniambia, wewe wasema kupanda, sisi hatuna shamba, Lamu nyumba imegusana na nyumba. Hata mimi sina. Nna sakafu ya juu tu pale tunapoanika nguo, mita 4 kwa 5. Ndio shamba langu hilo mpaka leo.

Tuanze na udongo manake hapo ndipo watu wengi wanaharibu. Tuna kitu hapa ambacho watu wa miji mingine wanakinunua kwa gunia na sisi twakiruka njiani tusikanyage, nacho ni samadi ya punda. Lamu hii haina uhaba wa samadi. Lakini usiichukue mbichi ukaitia kwenye mche, itachoma mizizi, na tena punda tumbo lake halisagi kama la ng'ombe, mbegu nyingi za majani aliyokula zinatoka nzima, kwa hivyo utakua umejipandia magugu. Irundike pahali penye kivuli, imwagie maji iwe na unyevu lakini isiwe tope, ifunike gunia, uipindue kila wiki. Wiki ya kwanza ukiingiza mkono ndani utahisi joto kama la chungu kilichoepuliwa sasa hivi, na hilo joto ndilo linaua zile mbegu. Miezi 2 au 3 imekua nyeusi, inavunjika vunjika, hainuki. Hapo changanya fungu 1 la samadi na mafungu 2 ya udongo. Udongo wenyewe usichukue mchanga wa ufuoni, una chumvi, na usichukue kifusi cha nyumba iliyobomolewa hata kama kiko hapo mlangoni bure, kimejaa chokaa, majani yatakua ya manjano utadhani mmea una homa.

Vyombo si vya kununua. Madumu ya lita 20 yaliyopasuka yakate ubavuni, makopo ya rangi, ndoo zilizotoboka, magunia. Toboa matundu chini. Weka makumbi ya nazi chini kabla ya udongo, yanashika maji, jua la hapa litakua halikaushi haraka.

Na wenye nyumba za mawe za kale nawaomba sana hapa mnisikize. Sakafu zenu zimebebwa na boriti. Panga vyombo pembezoni kufuata kuta, sio katikati, na uviinue kwa mawe au matofali maji yasilale chini yake. Boriti likikaa na maji mwaka baada ya mwaka linaoza, na hasara yake hakuna mchicha utakaoilipa.

Naskia mtu huko anasema mbuzi. Ndio, mbuzi, na punda pia. Ndio maana mimi nimeenda juu. Mwenye kupanda mlangoni azungushie miba au asipande, atakua analisha mbuzi wa mtaa.

Maji. Visima vyetu vingi huku vina chumvi, na mimea haifanani katika kuvumilia chumvi. Maharagwe hayataki kabisa, nilipanda mara mbili yakafa yote. Mchicha na spinachi zinavumilia vizuri zaidi. Maji niliooshea mchele na mboga yanakwenda juu. Ya sabuni ya kufulia siyatii kwenye mboga za majani.

Lakini mvua ndio mali. Skizeni hesabu hii, nimeipenda sana tangu niijue. Milimita 1 ya mvua ikianguka juu ya mita 1 kwa mita 1 ni lita 1 kamili. Sakafu yangu ni mita 20 za mraba. Mvua nzuri ya usiku mmoja ya milimita 30 ni lita 600, yaani madumu 30 yaliyojaa, bila kumlipa mtu wa mkokoteni. Kijana wangu wa pili ndie mpimaji, alichukua kopo la maziwa lililonyooka akaliweka juu pahali pasipo na kizuizi, kila asubuhi akaingia na rula akasoma na kuandika kwenye daftari, na akishasoma anapiga hesabu ya lita ananiletea. Yule mtoto hesabu za shule zilikua zinamtoa machozi. Zile za mvua alizifanya mwenyewe bila kuambiwa, mvua ikinyesha usiku naskia miguu ngazini.

Hapa pa maji lazima nisimame kidogo, na sitaki mtu atoke kabla sijamaliza. Mwaka 2004 mnaukumbuka ule ugonjwa wa viungo, chikungunya. Watu walikua wanatambaa kwenda msalani, vijana wazima. Ulikua wakati wa ukame, maji yamewekwa majumbani kwenye kila chombo, na mbu anaeleta ule ugonjwa anapenda maji masafi ya ndani ya nyumba na anauma mchana. Walipokuja kupima damu za watu Oktoba mwaka ule, waliopatikana na alama za ugonjwa walikua kama robo tatu. Robo tatu ya kisiwa! Kwa hivyo mwenye kukinga maji ya mvua afunike, pipa lifungwe kitambaa kizito au chandarua kizee na kamba, na chombo kisichofunikwa kimwagwe na kisuguliwe kila wiki manake mayai yanaganda ukutani. Wazee wetu walilijua hili, birika za nyumba za kale, yale mahodhi ya maji, zilikua na samaki wadogo ndani yake, kazi yao kula viluwiluwi vya mbu. Mboga ya shilingi 50 isituletee homa tena.

Nini cha kupanda. Mimi sukuma wiki siupigi teke lakini joto letu hauupendi, unadumaa na kuliwa na wadudu. Panda cha pwani. Mchicha unaota siku 4 au 5, wiki 3 au 4 unakata. Kunde unachuma majani wiki ya 4 na unaendelea kuchuma, na ukiacha mashina mengine unapata na kunde zenyewe. Matembele hayataki kazi, chomeka kipande cha mmea wa kiazi kitamu kwenye gunia kitajaa mpaka chini. Bamia kama miezi 2. Pilipili mbili tatu zatosha nyumba nzima. Mwenye jirani mwenye mzunze, wengine mnauita mronge, amuombe tawi alichomeke, majani yake uyaanike kivulini yakauke uyasage, unayatia kwenye mchuzi. Na mwenye kipande cha ardhi upande wa bara apande muhogo, vipande vya urefu wa shibiri hivi, kutoka shina zima lisilo na majani yenye mabaka, manake ule ugonjwa wa batobato unasafiri na vile vipande vyenyewe. Kisamvu chake kitwangwe na kichemshwe sana kabla ya kutiwa tui, kisionjwe kibichi, kina sumu mpaka moto uitoe.

Wadudu watakuja. Mwarobaini umejaa mji huu, twanga majani, loweka usiku kucha, chuja kwa kitambaa, nyunyiza jioni. Basi.

Oh na asumini. Msinicheke, najua siliwi. Lakini nyinyi mwajua pesa tunazotoa za vikuba, vile vishada vya maua ya kunukia, kila harusi, nami nna mche mmoja wa asumini na kopo la mrehani, vikuba nafunga mwenyewe na binti zangu. Nyumba inayobana isiwe nyumba isiyonukia.

Sasa nije kwa watoto, na hapa ndipo moyo wangu uko, manake zile 80 ndizo zilizokua kubwa kuliko mboga.

Nilianza vibaya. Nilisema hakuna tena shilingi 20, kwisha. Siku tatu ilikua kilio na ugomvi, na mdogo akaanza kwenda kuomba kwa ami yake, hilo liliniuma kuliko yote. Ndipo nikaelewa kwamba mtoto haendi dukani kwa njaa. Anaenda kwa sababu dukani ndio pahali pa kwenda, na ile 20 ndio kitu pekee anachokimiliki yeye mwenyewe siku nzima. Ukimnyang'anya lazima umpe kitu chengine kiwe chake.

Nikampa kila mmoja dumu lake, jina limeandikwa kwa rangi. Mdogo miaka 5 nikampa mchicha kwa sababu una haraka, mtoto wa miaka 5 hawezi kungoja papai. Mkubwa nikampa papai, ana miaka 13, yeye anaweza kungoja mwaka. Siku ya kukata mchicha wa yule mdogo alihesabu majani yote kabla hayajaingia chunguni na akataka yapikwe kwa sufuria yake peke yake yasichanganyike na ya dada yake. Nikampikia. Kijisufuria kidogo, na kitunguu chake, na tui lake. Akaenda kumpelekea bibi yake nusu kwa kibakuli na akasimama pale mpaka bibi amalize.

Vitafunio tukatengeneza. Muhogo tukaukata mwembamba, tukakaanga kachiri, jioni kila mmoja ana fungu lake kwa karatasi. Mabuyu tunayapika wenyewe, mbuyu, sukari, rangi kidogo, pilipili kwa wakubwa. Juisi ya ukwaju kwenye mtungi wa udongo inakua baridi hata stima ikipotea. Achari ya ndimu ilikua kazi ya binti wa tatu, ndimu zimepasuliwa zikajazwa chumvi, chupa inaanikwa juani kila asubuhi na kuingizwa jioni, wiki baada ya wiki, alikua anaitingisha na kuisemesha.

Na michezo. Tulichimba bao kwenye mchanga wakaokota komwe. Baba yao akawafundisha tiabu, mchezo wa kurusha vijiti, alikua hajaicheza tangu utotoni, na ile sauti ya vijiti ndio ilikua mara ya kwanza kumskia akicheka tangu mashua ifungwe. Wavulana wakatengeneza vijahazi vya makumbi na ndara mbovu walizookota ufuoni, tanga la mfuko wa unga, wakashindanisha maji yakijaa. Walikua wanalijua lile jahazi la Flipflopi lililojengwa hapa hapa Lamu kwa plastiki na ndara za kuokotwa, zaidi ya 30,000, likazinduliwa 2018 na 2019 likasafiri mpaka Zanzibar, kwa hivyo kwao ndara iliyokatika si taka, ni mbao.

Bibi yao anajua kusuka ukili, ule msuko wa majani makavu, yaani miyaa, unaotengenezewa mikeka. Miaka yote hii alikua anasuka peke yake chumbani na sisi tuko na tiivii. Jioni zile tukaanza kukaa nae, akigawa miyaa, wasichana na wavulana wote, yeye ndie alikataa kuwatenga. Anasuka na anatega vitendawili, anaejibu ndie anapewa kipande kirefu. Mwaka ule tulitoa zawadi za harusi mbili, kawa tulizosuka wenyewe, na mpaka leo naziona zikifunika sinia kwenye hizo nyumba.

Nirudi kwa upepo kidogo. Kaskazi ikiwa imeshamiri na samaki wengi, nunua uanike ng'onda. Mchele nunua gunia wakati huo, kama huwezi peke yako ungana na majirani watatu mgawane, manake nusu kilo nusu kilo kila siku unalipa zaidi kwa chakula kile kile. Kuku nnao watatu, wanakula chicha za nazi na mabaki, mayai ni ya watoto.

Na hapa niseme kwa nguvu. Kuna vitu havibanwi. Samaki wa mtoto habanwi, yai lake halibanwi, dawa haibanwi, nauli ya kwenda kliniki haibanwi. Nimeona nyumba inasifiwa kwa kuweka akiba na watoto wana nywele nyekundu na matumbo yamevimba. Ile si akiba. Mkitaka kukata kateni bando, kateni soda, kateni sare za harusi tunazoshona tukavaa mara moja, hilo la sare ntalisema hata nikichukiwa.

Mwezi wa 5 mwaka 2021 niliandika daftari tena. Mboga 10 kwa siku, za vitu nisivyonavyo. Watoto 20 wote wanne pamoja, wanazungushana zamu. Bando 10. Ni 40 kwa siku, 1,200 kwa mwezi. Tofauti ni 3,300. Haitalipa karo ya sekondari, sitawadanganya, na mashua ilikua bado haina wageni wa maana. Lakini dukani sikukopa, na mwenye duka aliniuliza kama nimehama.

Sasa leo ni mwisho wa Machi, mvua ziko njiani. Samadi yangu niloirundika Januari ishaiva, iko magunia 6, nimewaletea. Mbegu za mchicha na kunde ziko kwenye hii sahani, kila nyumba vijiko viwili. Matembele yako kwenye ndoo pale mlangoni, chukueni mkiwa mnatoka msiyaache yanyauke. Jumamosi baada ya alasiri tukutane kwangu, kila mtu aje na dumu bovu, kisu, na mtoto mmoja, na huyo mtoto ndie atakaelijaza udongo. Mabwana mtakua wa kukata madumu manake yale ya mafuta ni magumu.